Kiganja cha Mwenyekiti

Ukitaka kumjua Domitila, usiwaulize watu wa Nangara. Hao ukiwauliza njia ya kwenda bombani, watakueleza kwanza nani alionekana bombani na nani. Niulize mimi, Mama Octavian, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nimekaa na cherehani yangu barazani miaka yote hii, nikiona nani anaingia wapi na nani anatoka akijifuta mdomo.

Domitila ni fundi wa kuchomelea. Alizaliwa Dareda, mtoto wa mwisho wa Bibi Edda. Baba yake alipofariki, mjomba wake Leonsi aliwachukua yeye na mama yake wakaja mjini, msichana amsaidie kushika vyuma wakati yeye anachomelea. Macho ya mjomba yalipochoka na ule moto, mshika vyuma ndiye akawa anachomelea na mjomba ndiye akawa anashika. Leo ukitoka hapa kwetu hadi Maisaka, geti likifunguka bila kupiga kelele ujue ni la Domitila. Yale yanayolia kama mbuzi machinjioni ni ya wengine.

Ni mrefu, hana maneno mengi, na ovaroli yake ya bluu ina vitundu vya cheche kifuani. Jumapili huvaa gauni, lakini hutembea nalo kama vile ameliazima na mwenyewe anamtazama. Hajaolewa. Walikuja watu kumposa, mmoja na wazee wake kabisa, akawapa chai ya maziwa na mkate, akawasindikiza hadi barabarani, ikawa basi. Baadaye akaja Dorika, mwalimu wa chekechea, akapanga chumba kwao. Bibi Edda alipopata kiharusi, Dorika ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimwogesha na kumnywesha uji Domitila akiwa kazini. Kodi ya kile chumba ikasahaulika. Dorika akawa mtu wa nyumba ile, na mimi sikuona cha kuuliza. Kuna nyumba hapa mtaani zenye watoto wanane na mama mgonjwa ananuka mkojo chumba cha uani.

Sasa Sosthenes. Ngoja kwanza niteme mate.

Sosthenes ana safu ya fremu za biashara kando ya barabara kubwa, ana nyumba ya wageni nyuma yake, na ana tumbo mbele yake. Manukato yake hufika kwanza, yeye anafuata. Neno analolipenda ni "maadili", analitamka kama wengine wanavyosema habari za asubuhi. Kwa sababu ana fremu, ana viti vya kuazimisha misibani na ana sauti, tulimfanya mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna. Watu wetu wakimwona mtu mwenye viti hudhani ana busara.

Na ana mkono. Kwetu jumuiyani, sala ikiisha tunatakiana amani, kila mtu anampa mwenzake mkono. Sosthenes hakosi mwanamke hata mmoja. Atakushika kwa mikono miwili kama padre, na humo ndani, mahali ambapo jirani yako haoni, kidole chake cha kati kitakukuna kiganja. Polepole. Huku uso wake umeinama kwa uchaji, na midomo inasema, "Amani ya Kristo, mama." Mwanamke mtu mzima hahitaji kufafanuliwa. Mwanaume akikukuna kiganja amekuuliza swali, na swali lenyewe ni moja tu.

Utamshitaki wapi mtu kwa kidole? Ukisema, utaambiwa umeota. Mumeo atauliza kwa nini wewe na si wengine. Mimi nilikuwa najifuta kwenye kanga nikiamini anawafanyia wajane tu, maana wajane hatuna wa kuuliza. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Mwenye mume mlevi alidhani ni kwa sababu ya mume mlevi. Msichana wa kipaimara alidhani ni kwa sababu ya sketi yake. Kidole kimoja cha mwanaume, na wanawake mtaa mzima wanajichunguza wao.

Domitila alipanga kwenye fremu ya huyo bwana, na mlango wa chuma wa ile fremu alijitengenezea mwenyewe. Mkataba ulipofika mwisho, Sosthenes alipita pale karakana, akamwambia kwamba mkataba mpya hausainiwi hapo kwenye vumbi. Aje kule nyumba ya wageni jioni, chumba cha mwisho, na asije na hiyo ovaroli. Alisema kwa sauti ya chini. Domitila alijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku mashine inawaka.

"Sawa, mwenyekiti. Nitampitia Mama Marseli tuje naye, awe shahidi wa mkataba."

Mama Marseli ni mkewe Sosthenes, Devotha. Wateja wawili walicheka. Kesho yake asubuhi ule mlango ulikuwa na kufuli jipya, na Domitila alisukuma mashine yake kwenye toroli hadi nyumbani, akaanza kuchomelea uani, karibu na jiko.

Lakini kufuli halikumtosha yule. Mwanaume wa aina ile akikataliwa, hawezi kukubali kwamba kuna mwanamke mwenye akili timamu aliyemtazama vizuri, akaona hafai. Lazima awe mgonjwa. Basi sizitaki mbichi hizi ikaanza. Buchani alisema, "Yule hakunikataa mimi. Anakataa wanaume wote. Hamjui analala nyumba moja na nani?" Haikupita wiki, mji mzima ukawa na utaalamu wa kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Watu ambao hawajui waume zao wako wapi saa hizi walijua Domitila anamfanya nini Dorika. Ukiwauliza wamejuaje, wanakujibu lisemwalo lipo. Methali ile imewafanyia kazi wavivu wengi.

Mzee mmoja wa Maisaka alikuja kuchukua grili zake zikiwa nusu, akazipakia kwenye bajaji bila kumtazama fundi usoni. Wazazi wakawatoa watoto chekechea mmoja baada ya mwingine, hadi mwenye shule akamwomba Dorika "apumzike kwanza". Vijana wa bodaboda wakimwona Domitila wanapiga honi na kumwita msagaji. Mwingine aliliandika neno hilo kwa mkaa kwenye geti lake. Domitila alichukua kitambaa na mafuta ya taa akalifuta, akarudi kwenye kazi yake. Wengine walianza kutajataja ofisi ya mtaa na polisi. Katika nchi hii neno lile si la mzaha, linaweza kumlaza mtu ndani hata kama limesemwa na mlevi. Na wote walikuwa na sababu moja, kwamba wanawalinda watoto. Watoto walindwe dhidi ya Dorika aliyewafundisha kuhesabu na kupenga kamasi, lakini dada zao wa kipaimara waendelee kupewa mkono wa amani na mwenyekiti.

Ukaja mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari. Kwetu mwezi huo sanamu ya Mama Maria huzunguka nyumba kwa nyumba. Inalala kwako, mnasali, kesho jioni wewe mwenye nyumba unaibeba mwenyewe hadi kwa jirani anayefuata, watu wote nyuma wakiimba. Hairukwi nyumba. Hata kwa mlevi inaingia, hata kwa waliogombana inaingia, ndiyo maana yake.

Bibi Edda alikuwa mmoja wa walioianzisha jumuiya hii, wakati Sosthenes bado anauza kandambili stendi. Sanamu ile ilinunuliwa kwa maharage ya wanawake, na gunia la kwanza lilikuwa lake. Mwaka uliopita ilipita kwake akiwa hospitali, hakuiona. Mwaka huu hata kuketi hakuweza, na sote tulijua hataufikia mwezi wa kumi mwingine. Yeye mwenyewe alijua. Kila nikiingia kumjulia hali, hata shikamoo yangu haijaitikiwa, ananiuliza kwa ule ulimi wake ulioelemewa upande mmoja, "Mama amefika kwa nani?"

"Kwa Ursula, bibi."

"Kesho?"

"Kesho kwa Clemence. Halafu kwangu. Halafu kwako."

Basi anafumba macho, anatabasamu na ule upande wa mdomo unaofanya kazi.

Tulipokuwa kwa Clemence, sala imekwisha, Sosthenes akasimama na tumbo lake kutoa matangazo. "Kesho Mama atakuwa kwa Mama Octavian. Kesho kutwa, kutoka kwa Mama Octavian, atakwenda moja kwa moja kwa Mzee Sylvanus."

"Kati yangu na Mzee Sylvanus kuna nyumba," nikasema.

"Nyumba ile ina changamoto, Mama Octavian."

"Changamoto gani? Bati linavuja?"

Watu wakaangalia miguu yao. Sosthenes akafanya ule uso wake wa huzuni. "Mambo mengine hayatajwi mbele ya sanamu. Ni suala la maadili. Hatuwezi kumpeleka Mama wa Mungu mahali pa machukizo."

"Nani ameyaona hayo machukizo? Anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Na hakuna aliyenitetea vilevile. Ursula alijifanya anatafuta kiatu. Clemence akaleta chai haraka, kama kwamba chai ni dawa ya uoga. Halafu tukatakiana amani, na lile jitu likanishika mkono, na hata baada ya maneno yale likanikuna.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Domitila. Alikuwa uani anapiga msasa kitanda cha chuma. Nilimweleza tangazo. Aliacha msasa, akatazama dirisha la mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu hayo yote yaanze nikaona macho yake yamelowa.

"Mimi wanifanye wanavyotaka," akasema. "Mama amewakosea nini?"

"Huyu mtu ana nini na wewe hasa?"

Ndipo akanieleza ya chumba cha mwisho. Na akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Kwanza alianza zamani. Kwenye amani. Ana tabia ya kukukuna hapa." Akanionyesha kiganja chake, kigumu, kina makovu ya moto.

Nilimshika ule mkono. "Hata wewe?" nikasema. Tukatazamana. Nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Siku iliyofuata niliacha cherehani, nikapita nyumba kwa nyumba. Sikuuliza habari za Domitila, kwa sababu ningeuliza hizo ningepewa mahubiri. Nilichukua mkono wa kila mwanamke, nikagusa katikati ya kiganja, nikauliza, "Mwenyekiti?" Basi. Ursula alifumba ngumi haraka kana kwamba nimemchoma. Clemence alicheka, halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia. Binti yake wa kipaimara alikuwa amesimama mlangoni, na akaitazama mikono yake. Clemence alimwona. Baada ya hapo sikuhitaji kumwambia kitu.

Kwa Mama Marseli sikwenda. Yule ni mkewe, nikamwonea aibu. Kumbe maneno ya wanawake yanajua njia yenyewe.

Jioni ya kuhamisha sanamu, uwanja wangu ulijaa. Sosthenes aliongoza Rozari kwa sauti nzito, akivuta maneno utadhani analipwa kwa urefu wake. Alipomaliza akasema, "Tutakiane amani," akageuka kwa Ursula na mikono yake miwili mbele.

Ursula akaweka mikono nyuma. "Amani, mwenyekiti," akasema, akabaki hivyo.

Akacheka kidogo, akaenda kwa Clemence. Clemence akaweka mikono nyuma, akamvuta binti yake, na binti naye akaweka nyuma. Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Uwanja mzima wanawake wamesimama kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha, ila wamegoma kuzionyesha. Wanaume hawakuelewa. Mzee Sylvanus aliuliza, "Kwani kuna ugonjwa umeingia?"

"Upo," nikasema. "Uko kwenye kidole cha mwenyekiti. Anatukuna viganja kwenye amani. Sisi sote, na watoto wetu. Alimwita Domitila chumbani kule nyumba ya wageni, Domitila akakataa, ndiyo maana tunaambiwa nyumba yake ina machukizo."

Sosthenes akaanza. Alisema ni uzushi, ni wivu, ni njama za watu wanaotumiwa. Akamgeukia mkewe kama mtu anayekimbilia ukuta. "Mama Marseli, waambie hawa."

Devotha ni mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliutazama mkono wa mumewe.

"Ndivyo alivyonichumbia," akasema. "Kwenye harusi ya dada yangu. Nilidhani ni mimi tu."

Sikuwahi kuona mtu mnene akipungua upesi vile. Alichukua kofia yake, akapita katikati yetu kuelekea barabarani, na hakuna aliyempisha, ilibidi ajipenyeze. Manukato yake yalibaki kidogo, halafu moshi wa jiko langu ukayafunika.

Ningependa hadithi iishie hapo. Ningekuwa naishi na watu wengine, ingeishia hapo.

Nilibeba sanamu, wimbo ukaanza, tukatoka. Ni hatua chache tu hadi geti la Domitila. Lilikuwa wazi, limepakwa rangi mpya. Ndani viti vimepangwa, birika la chai linafuka, na Dorika amesimama mlangoni amefunga kitenge safi. Domitila alikuja kutupokea na gauni lake la Jumapili. Nikashangaa wimbo umekatika nyuma yangu. Kugeuka, naona wamesimama nje ya geti, wote, wamebanana.

Clemence akasogea, anatabasamu lile tabasamu la mtu anayeleta upatanisho. "Domitila, dada yetu, pole sana. Sasa tumejua yule mzee alikusingizia. Wewe tuambie tu kwa mdomo wako kwamba yale maneno si kweli, yaishe, tuingie kwa roho safi."

Domitila alimtazama, akawatazama na wengine.

"Ya mkono wake niliyasema kwa sababu mkono ulinijia mimi," akasema. "Haya mengine ni ya kwangu. Sikani wala sikiri. Yeye alinitaka kitandani, nyie mnataka niwaeleze cha kitandani. Mama yuko ndani anasubiri."

"Sasa sisi tutajuaje?" Ursula akauliza, na aliuliza kwa dhati kabisa, maskini.

"Na kama ni kweli," Domitila akasema, "ni Mama Maria atakayeshindwa kuingia, au ni nyie?"

Nikawaona wakitazamana, wanawake walewale ambao dakika chache zilizopita walisimama mikono nyuma kwa ujasiri hadi nikajivunia kuwa jirani yao. Walikuwa wamemkataa mwenyekiti, lakini neno lake walikuwa wamebaki nalo mfukoni. Ursula akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Mwingine akakumbuka mtoto. Clemence akasema atakuja kesho asubuhi akiwa na nafasi, akamshika binti yake begani, wakaondoka. Mzee Sylvanus akasema atatusubiri kwake. Kidole kimekuchoma miaka, umepiga kelele leo, na bado unataka mwenzako akaguliwe kwanza ndipo umwamini. Nawadharau hadi leo, na bado nawashonea nguo.

Tulioingia tulikuwa mimi na Devotha. Mke wa Sosthenes, ndiyo. Alivua viatu mlangoni, akasema hodi.

Nilimwekea Bibi Edda sanamu kitandani, ubavuni, pale mkono wake mzima unapofika. Aliipapasa uso, akaipapasa hadi miguuni, akasema naye kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Alilia, akacheka, tukamfuta mdomo. Kisha akatuangalia.

"Mbona wachache? Wengine wamekwama wapi?"

"Getini, bibi," nikasema.

"Geti lina nini?"

Domitila aliinamisha kichwa. Nikajibu mimi. "Halina kitu, bibi. Liko wazi."

Tulisali Rozari sisi watano. Mwishoni, kwa sababu hatukuwa na mwenyekiti, bibi mwenyewe akasema, "Tutakiane amani." Devotha akampa mkono Domitila. Mimi nilikuwa karibu na Dorika, nikamnyooshea wangu. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kimechubuliwa na sabuni ya kufulia mashuka ya bibi. Kilinishika, kikaniachia.